Aliniambia Nisiandike

Resti,

Katika maisha yangu nimewaandikia watu barua hata sijui ngapi, na karibu zote zilianza na "mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali." Hii siianzi hivyo. Mimi si mzima, nina hasira wiki ya pili sasa, na wewe huko mbali hujafika bado. Uko hapo kwa jirani unaaga. Mama yako anapiga pasi nguo zako kwa pasi ya mkaa na umeme upo. Na yeye amenikasirikia, na hasira zake huwa anazimalizia kwenye nguo.

Kesho alfajiri bodaboda atakuja kukuchukua hapa Endabash akupeleke Karatu kwenye basi la Dar. Mambo ya kufunga begi, kutokula hovyo njiani na kupiga simu ukifika, mama yako ameshakuambia mara tatu, na mara ya tatu nilikuona ulivyozungusha macho. Mimi sina maelekezo hayo. Nina jambo moja ambalo nilipaswa kukuambia kwa mdomo, nikashindwa, ndiyo maana nimekaa hapa barazani na daftari kubwa kama mwanafunzi aliyepewa adhabu.

Unakwenda kufanya kazi kwenye studio ya vitabu vya kusikiliza. Walikuita kwa sababu walisikia ulivyokuwa unasoma riwaya yangu, kipande kwa kipande, kwenye grupu la simu la watu wa Endabash. Walitaka uende nayo. Sasa unakwenda mikono mitupu, na badala ya kusoma utakuwa unasafisha sauti za wenzako, unakata vikohozi na milio ya viti. Aliyekufikisha hapo ni mimi. Nilimwandikia mchapishaji wangu kwamba binti yangu anasoma kitabu hadharani bila ruhusa, mchapishaji akaja juu, na vipande vyote sita ukalazimika kuvifuta.

Ulipojua ni mimi, ulisema maneno mawili tu: "Baba, umezingua." Ukaingia ndani. Tangu siku ile ni shikamoo baba, marahaba, basi. Nilitaka kukukemea kwa kunisemesha kama kijana mwenzio wa stendi. Nikakaa nikitafuta neno ambalo lingefaa zaidi, sikulipata, nikaacha.

Sababu niliyokupa ni haki. Nilikuambia mkataba ni mkataba, na kwamba unasoma haraka, unaongeza maneno yako, unawapa wahusika sauti za watu wa hapa kijijini. Sababu hizo zote ni za uongo. Ya kweli nitakuambia humu humu, ila niache nirudi nyuma kidogo, maana kosa lenyewe limeanza kabla hujazaliwa.

Nilipokuwa mwalimu mgeni nilipangiwa shule ya kule juu, karibu na mashamba ya kahawa. Vibarua walikuwa wametoka Singida, Dodoma, Mbulu, wengi hawajui kusoma. Kila Jumapili nikitoka kanisani niliweka kiti chini ya ukuta wa ghala, nao walipanga foleni niwaandikie barua za nyumbani. Kibarua anakaa, anazungumza, mimi naandika. Wengi walikuwa wanasema mambo mengi kuliko yale wanayotaka yafike. Mtu anakuambia kaumwa na nyoka, mke kakimbia, msimamizi kamkata siku tatu, halafu anamaliza: "Hayo yote acha, andika tu mimi sijambo." Ukiwa mwandishi wa barua unajifunza kazi hiyo, kusikia magunia kumi na kuandika debe moja. Nilikuwa naiweza, na watu wakaniamini.

Halafu nikaanza kuandika vyangu. Riwaya ile niliipiga kwa taipureta ya shule kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, baada ya vipindi. Nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikashuka nayo Karatu, nikamkabidhi kondakta wa basi la Dar. Miaka miwili sikusikia kitu. Siku jibu lilipokuja lilikuwa na kurasa nne za mhariri. Kitabu kizuri, alisema, lakini bila kuingia shuleni hakitauzika, na ili kiingie shuleni lazima kipate ithibati, na ili kipate ithibati lazima kiwe na funzo. Niondoe maneno ya Kiiraqw. Niondoe mizaha ya vibarua. Na yule msichana, Neema, hawezi kupata mimba nje ya ndoa halafu akaishi vizuri mpaka mwisho, wanafunzi wa kike watajifunza nini? Nikaondoa, nikaondoa, na mwisho nikamuua Neema kwa aya mbili. Anafia kwenye mistari ya kahawa siku chache baada ya kujifungua, pamoja na mtoto wake.

Mkataba niliusaini nimesimama, kwenye dirisha la vifurushi stendi ya Karatu, basi linapiga honi, kondakta anasema mwalimu tunaondoka. Kulikuwa na mstari unaosema haki zote ni za mchapishaji "kwa namna zilizopo na nyingine yoyote itakayogunduliwa baadaye." Nakumbuka nilicheka. Nilijiuliza watagundua nini tena, kitabu si kitabu? Wakati huo Endabash nzima ilikuwa na redio chache za kuhesabu. Kwa hiyo, mwanangu, wakikuletea karatasi huko Dar, omba kiti. Mwambie kondakta wako aondoke.

Kitabu kilipotoka niliona jalada, nikaumwa kichwa. Mchoraji kachora msichana analia, na nyuma yake mnazi. Mnazi, Resti! Karatu hii hii. Nilipiga simu kwa kulipia kibandani kuuliza, wakasema tayari kimechapwa. Nikajifariji kwamba angalau kitasomwa, na kweli kilisomwa miaka kadhaa, watoto wakajibu maswali ya taja sifa tano za Neema. Halafu mtaala ukabadilika. Hakuna aliyeniambia, niliona tu mwaka huo shule hazikukiagiza. Nikamwandikia mchapishaji barua, sikujibiwa. Nikaandika nyingine. Baadaye nikasikia kwamba wamegeukia vitabu vya kiada tu, riwaya hawataki kuzisikia.

Usifikiri nilikaa kimya nikilia. Nilijaribu kwenda na wakati, ila kila nikifika mahali wakati umeshahama. Watu waliposema siku hizi mwandishi anajichapishia, nikajichapishia kitabu cha pili Arusha, nakala mia tatu, ukazibeba na wewe mwenyewe kutoka kwenye gari ukiwa darasa la sita. Mchwa wamekula nyingi kuliko wasomaji. Waliposema soko liko kwa watalii, nikavaa koti, nikaenda kwenye duka la zawadi la loji moja njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Dada wa pale alikuwa na adabu, akakipekua kitabu chote mbele mpaka nyuma, akaniuliza picha za wanyama ziko wapi. Waliposema mambo yote sasa ni kwenye simu, mwalimu mwenzangu mmoja akanirushia zawadi akifurahi sana. Nikafungua. Ilikuwa riwaya yangu mwenyewe, mtu kaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kidole gumba chake kinaonekana, inazunguka bure nchi nzima. Nilimshukuru. Ningemwambia nini?

Kwa hiyo ulipokuja kuniambia, "Baba, watu hawajaacha hadithi, wamechoka kukaa nayo mkononi tu, ngoja niwasomee," nilikupuuza. Sikukataza wala sikuruhusu. Nilisema fanya unavyotaka, nikaenda kukata majani ya ng'ombe.

Sikukuambia nilichokiona wiki ile. Nilikwenda mashineni kusaga, mapema, na nikakuta wanawake wameshafika na ndoo zao, wamekaa, lakini mashine imezimwa. Nikadhani dizeli imekwisha. Kumbe wamemwomba kijana wa mashine asiwashe kwanza. Kaweka simu yake ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue, na ndani ya sufuria ile ulikuwa wewe, unasoma kitabu changu. Bila kujua, ulikuwa umerudisha maneno yetu niliyoyafuta. Msimamizi wa shamba ulimpa sauti ya mwenyekiti wetu wa kitongoji, na wale wanawake walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Miaka yote ile nilikuwa sijamwona mtu hata mmoja akicheka kwa kitabu changu. Nilisimama nje na debe langu begani, sikuingia, na nilikuwa na furaha, Resti, furaha na wivu pamoja. Nilikuonea wivu wewe. Hilo nalo ulichukue, maana litakupata na wewe siku moja na mtu mdogo kuliko wewe, na halitakuwa na sura nzuri.

Miongoni mwa wale wanawake alikuwepo Mama Zuhura.

Wewe unamjua kama yule bibi wa vitunguu aliyekubeba mgongoni mama yako alipolazwa. Hujui kwamba alitoka Singida akiwa msichana kuja kuchuma kahawa, na kwamba kila Jumapili alikuwa wa mwisho kwenye foleni yangu ya barua. Alikuwa anasubiri wengine waondoke. Alinisimulia mambo yake mwaka mzima. Karani wa shamba alivyomlaghai. Alivyoficha tumbo kwa khanga mbili. Alivyojifungua peke yake kwenye mistari ya kahawa, mtoto akaishi kutwa moja, akamzika pale pale, kesho yake akarudi kuchuma ili asifukuzwe. Alivyofua blanketi kwenye mfereji wa kiwandani, maji yamejaa maganda mekundu ya kahawa, watu wasitambue damu. Alipomaliza alinitazama akasema, "Hayo usiandike, mwalimu. Waandikie nyumbani kwamba mimi ni mzima."

Nikaandika kwamba ni mzima. Nikafika nyumbani, nikafungua daftari, nikaandika hayo mengine yote.

Sasa umeelewa Neema ni nani.

Sikuona kama ninaiba. Nilijiambia nabadilisha jina, nabadilisha kijiji, mimi ni mwandishi, waandishi ndivyo wanavyofanya. Na chini ya hayo yote, sababu iliyonipa usingizi ilikuwa moja tu, kwamba Mama Zuhura hajui kusoma. Kitabu kingeweza kukaa nyumbani kwake, na kweli kilikaa, nilimpa nakala kama zawadi, akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kabatini kwa heshima. Alikuwa anawaonyesha wageni kitabu cha mwalimu wake. Nimekuwa nikimwamkia shikamoo, ingawa hajanizidi umri, kila tunapokutana miaka yote hii, na kila akisema marahaba nilikuwa nafurahi kwamba herufi zinanilinda.

Wewe ukaja ukaziondoa herufi. Ndicho kilichotokea. Watu wanaeleza mabadiliko ya vitabu kwa mambo makubwa makubwa, karatasi imepanda, vijana wavivu, simu zimeharibu dunia, na mimi nimeyasema hayo kwenye semina mpaka nikapigiwa makofi. Kilichonitisha mimi ni kidogo zaidi. Kitabu changu sasa kingemfikia mtu ambaye nilikiandika nikiwa na hakika hatakifikia.

Baada ya kipande cha sita alikuja hapa nyumbani, wewe ulikuwa umekwenda kuchota maji. Aliniuliza huyo binti wa kitabuni ametoka Singida? Nikasema ni wa kutunga tu. Akakaa. Akasema, "Amefua blanketi kwenye mfereji wa maganda. Na mimi nilifua pale." Nikasema wasichana wengi walifua pale. Akaitikia kwa kichwa, akaaga, na alipofika kwenye ua akageuka akasema anasubiri kwa hamu kusikia binti huyo alivyomaliza.

Yeye alikuwa anasubiri mwisho, na mwisho niliuandika mimi kwa aya mbili ili nipate ithibati.

Kesho yake nilikwenda Karatu kwenye duka la kompyuta, nikamwandikia mchapishaji. Ofisi ile ambayo haikuwahi kujibu hata barua yangu moja tangu mtaala ubadilike ilijibu kwa siku mbili. Walikuwa na mkataba, walikuwa na ule mstari niliouchekea, walikuwa na mwanasheria. Riwaya wanayo wao kwa kuchapwa, kwa kusomwa, kwa kuimbwa, kwa lolote. Wakasema kusitishwe mara moja. Nikaja kukuonyesha simu kama mtu aliyepokea amri kutoka juu, na kumbe amri niliiomba mwenyewe, nawe ukaiona barua yangu chini ya jibu lao. Halafu wakaniuliza kama nina sauti hizo wazisikilize, huenda watazifanyia kazi wao, na msomaji watamtafuta huko kwao. Hasira yangu ya wiki mbili hizi ni kwa hao pia, nisikudanganye kwamba yote ni majuto.

Wanawake wa mashineni waliniuliza mtoto kanyamaza kwa nini. Nikasema koo linamuuma. Ile asali aliyokuletea Mama Zuhura, na malimau, ukashangaa ni ya nini, ilikuwa ya hilo koo. Uliipokea ukamshukuru, na mimi nilikuwa hapo hapo nimeinama nafunga kamba za viatu ambavyo havina kamba. Mama yako aliniona. Jioni ile ile alinibana mpaka nikamwambia, na tangu hapo anapiga pasi kwa mkaa. Alinipa mpaka leo, kabla hujaondoka, la sivyo angekuambia yeye.

Leo baada ya chakula nilikwenda kwa Mama Zuhura.

Alikuwa nje anafunga vitunguu mafungu. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nilimwambia yote, Resti. Nilimwambia Neema ni yeye, daftari nililifungua siku ile ile, kitabu kilichoko kabatini kwake ni mambo yake aliyonikataza. Nilimwambia na mwisho. Nilisema msichana anakufa, anakufa na mtoto wake, shuleni walitaka hivyo. Nilisema kwa haraka kama mtoto anayekariri.

Hakuacha kufunga vitunguu. Alifunga fungu moja, akafunga la pili. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, njiani nilikuwa nimeshajibu mengine kichwani.

Akasema, "Mtoto nilimzika mimi. Wewe ukaja ukanizika na mimi, na nilikuwa nakuchemshia chai."

Akafunga fungu la tatu, kisha akauliza kama kwenye kitabu mtoto alikuwa wa kike au wa kiume. Nikasema wa kiume. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nikae.

"Alikuwa wa kike," akasema. "Hukuniuliza."

Resti, mimi nimekaa na watu wanaojua vitabu, nimefundisha uandishi kwenye mafunzo ya walimu, nimewaambia vijana wachunguze, wachunguze, wachunguze. Mwaka mzima wa Jumapili na sikuuliza. Nilihitaji tu mtoto afe. Wa kiume alinifaa kwa sababu kulikuwa na sentensi nzuri kuhusu jina la ukoo. Sentensi ile wamewahi kuiweka kwenye mtihani.

Kwa hiyo ninayokuambia sasa usiyachukue kama mafundisho ya mzee anayejua. Ni ya mtu aliyezingua. Studio hiyo unayokwenda ina mashine nzuri, na siku moja mtu atakaa mbele yako akuambie mambo yake, nawe utasikia jinsi yatakavyopendeza masikioni kwa watu, utajua mahali pa kukata na mahali pa kuweka muziki. Na huyo mtu atasema hili acha. Liache. Hata kama ndilo pekee zuri. Mimi nilidhani nikiliandika vizuri nitakuwa nimelipia, na nimeliandika vizuri, wewe mwenyewe umelisoma ukalia, na bado sijalipia kitu.

Na usikae ukisubiri nikupiganie kwa mchapishaji. Nimewaandikia tena wiki iliyopita nikiomba haki zangu zirudi. Unaweza kukisia jibu, wamerudi kwenye kimya chao cha zamani. Riwaya ile imekwenda. Nimeitafutia njia kila upande na kila upande kuna sahihi yangu. Najua ilikuwa tiketi yako, na najua kusafisha sauti za watu siyo ulichokiota. Ningekuwa na kitu cha kuweka badala yake ningekufungia kwenye begi leo. Sina. Nina madaftari mawili ya riwaya mpya, nimeyasoma wiki hii, na kila ukurasa najiuliza hiki nilikisikia wapi, kwa nani, na aliniruhusu? Kurasa nyingi nimezikunja kona. Sitakupa kitu ambacho sijui ni cha nani.

Nilipoinuka kuaga, Mama Zuhura aliniuliza wewe unaondoka lini. Nikasema kesho alfajiri. Akauliza hiyo kazi ya sauti inafanywaje, lazima mtu awepo pale pale, au mtu anaweza kuwa huku na wewe huko? Nikamweleza kwamba mtu anabonyeza hapa, anashikilia, anaongea, akiachia inakwenda. Nilitoa simu nikamwonyesha. Aliishika, akaitazama pande zote mbili, akanirudishia.

Akasema atakusimulia mwenyewe. Kidogo kidogo, kila Jumapili, mambo yake kama yalivyokuwa, mpaka alipo leo na shamba lake na wajukuu wake. Wewe utamrudishia asikie kwanza, na atakachosema toa utatoa, na atakachosema peleka utapeleka, kwa jina lake yeye, jina lote, la kwake na la baba yake. Nikamwambia kijiji kizima kitajua mwalimu alifanya nini. Akasema ndiyo. Nikamwambia mchapishaji anaweza kuleta maneno. Akauliza kama mchapishaji ana karatasi yenye dole gumba lake. Nikasema hana. Akasema basi aje amuulize yeye.

Sikutegemea. Hakufanya hivyo kwa ajili yangu, na wala hakusema amenisamehe, usije ukaniandikia huko Dar kwamba mambo yamekwisha. Alisema mtoto uliyesikika kwenye sufuria ulikuwa unamsoma Neema kama mtu unayemjua, na kwamba yeye hajawahi kusomwa hivyo.

Simu yake ni kitochi, haina mambo hayo. Kwa hiyo itakuwa yangu. Kila Jumapili nikitoka kanisani nitakwenda kwake, nitabonyeza, nitamshikisha. Ndiyo kazi niliyopata kwenye tasnia mpya ya vitabu, na nimeikubali. Nilimuuliza, kwa kuwa sikuuliza wakati ule, mtoto wake alimpa jina gani.

Akasema jina atakuambia wewe. Mimi nikishabonyeza, nitoke nje.

Baba yako.